Kitako cha Msave

Mtu kama mimi hashangazwi na kitu. Nalisema hilo mbele ya yeyote hapa Nyamugari, mjini Gitega, na sijaona wa kunibishia. Nimeliona lori langu likipinduka na mbao zote kwenye kona za kushuka Giheta, na wiki ile ile nikawa natafuta jingine. Nimemwona mtu aliyesoma mpaka akachoka amesimama mlangoni mwa karakana yangu, kofia mkononi, akiniomba nimpe mwanawe kazi. Mimi, niliyeishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza! Leo nina mashine za umeme, nina watu wanaoniita patron, yaani bosi, na milango ya nusu ya mtaa huu imepita mikononi mwangu. Hakuna aliyenishika mkono. Nimejitengeneza mwenyewe, kama mtu anavyojitengenezea kiti.

Basi, miezi michache baada ya kumzika mama, akaja mwanamke karakanani na kitu kirefu kimefungwa kwenye kitenge. Akasema yeye ni Riziki, binti wa yule Mkongomani wa Uvira aliyekuwa akizunguka masoko na bunduki ya upepo. Baba yake nilimkumbuka mara moja. Sote tulimwita Papa Riziki, na nilishasikia kwamba amefariki.

"Tunauza vitu yake," akasema. "Bunduki yenyewe ilishaisha zamani, chuma tuliuza kwa kilo. Lakini hii kitako papa alikatazaga tusiitupe. Alisema siku moja muipeleke kwa mutoto wa fundi wa Buhinyuza, ule mwenye kelele."

Nikafungua kitenge. Kabla macho hayajaona vizuri, pua ilishajua: mawese ya kale yaliyokauka ndani ya mti, na chini yake ile harufu ya mti wa msave, kavu, tamu kidogo, kama kabati la nguo za bibi. Nikakaa chini juu ya mbao. Wafanyakazi wakazima mashine wakidhani naumwa.

Wenzangu tuliokulia kambi za wakimbizi mtanielewa haraka. Tulirudi Burundi kutoka Tanzania juu ya lori, na mabati, na mbegu za kuanzia, na Kiswahili kilichowafanya watoto wa Buhinyuza watucheke. Walituita Watanzania. Shamba la babu tulilipata bila ugomvi, hilo nashukuru, ila lilikuwa limechoka. Udongo ulikuwa mwekundu, mgumu, umelimwa miaka mingi bila kupewa kitu. Maharage yetu ya kwanza yaliota njano kama watoto wenye malaria. Jirani alipita kwenye njia, akatazama, akasema kwa Kirundi neno ambalo baba alitutafsiria usiku: shamba linataka ng'ombe, na hawa hawana hata kuku.

Ndivyo ilivyokuwa. Kwenye vilima vile ng'ombe ni mbolea kwanza, maziwa baadaye. Mwenye samadi anavuna, asiye nayo anahesabu majani. Baba alisema wazi, tukila: "Msimu mmoja tena kama huu, tunavuka mpaka kurudi kulima mashamba ya watu." Mama aliacha kula. Alikuwa mwanamke mdogo kwa umbo, mpaka watu wasiotujua walidhani ni dada yangu, maana mimi wakati ule nilikuwa nimeshamfikia kimo na mikono.

Papa Riziki alianza kuja sokoni kwetu baada ya mavuno. Alikuwa na bunduki ya upepo, ile inayokunjwa katikati, risasi zake ndogo kama punje ya mtama. Mara ya kwanza wanawake wengine walipouona mtutu waliacha vikapu wakaondoka, na askari wakaja wakaikagua, wakaicheka, wakaiacha. Mchezo ulikuwa rahisi kueleza. Vizibo vitatu vya soda vilining'inizwa kwenye uzi. Unalipa, unapiga mara tatu. Kizibo kimoja, biskuti. Viwili, beseni. Vyote vitatu, unaondoka na mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado. Mtamba mwenyewe alifungwa pale pale, mweusi mwenye doa jeupe tumboni, akitafuna kana kwamba anajua hakuna atakayemchukua. Na kweli hakuna aliyemchukua. Watu walimlisha, watoto walimpapasa, jioni Papa Riziki anampakia kwenye gari anaondoka naye.

Siku moja mwanamume mmoja aliyekosa zote tatu aliipiga bunduki kwenye mti kwa hasira. Kitako kikapasuka kwenye shingo. Papa Riziki akauliza fundi, watu wakamwonyesha baba.

Baba alikuwa seremala, lakini kule Tanzania alikuwa amefanya kazi na mzee mmoja mtengeneza magobore ya wawindaji. Kazi ya baba ilikuwa vitako tu. Akakipokea kile kipande kilichovunjika, akakigeuza, akakinusa.

"Fundi, hii imekufa," Papa Riziki akasema. "We nitengenezee ingine. Mi nitakulipa bien. Lakini bunduki siachi. Bunduki inalalaka na mimi, kama bibi."

"Kitako bila bunduki ni kama kumshonea mtu suruali hujamwona," baba akasema.

"Pima hii iliyovunjika, itatosha."

Tulipofika nyumbani baba akakiweka kile kitako begani, akacheka peke yake. Akaniita. "Njoo uone. Kimekatwa kwa mtu mrefu kama mnara. Mtu wa kawaida akikishika, mkono wake unanyooka mpaka unatetemeka. Na mbele ni kizito mno, kinainama. Ndiyo maana wanakosa. Si macho." Akaniambia jambo ambalo mpaka leo nalitumia kwenye viti na milango, na wasomi hawajawahi kuniuliza nimelitoa wapi: bunduki unayoishika kwa nguvu si yako. Iliyo yako inakaa yenyewe, wewe unaisindikiza tu.

Akaanza kutafuta mti. Mkaratusi aliukataa, mzito na unapasuka ukikauka. Mparachichi mwepesi mno, ukifungwa kwenye chuma, chuma kitauvuta uende chini. Grevilea akaigonga kwa kucha akasema itafunguka kwenye skrubu. Mwisho akaenda pale ilipokuwa nyumba ya babu. Ilibaki nguzo moja ya msave, iliyopinda kidogo chini, imesimama peke yake kwenye magugu kama mtu aliyesahauliwa. Mvua ya miaka yote ile haikuiingia. Baba akaitazama pale ilipopinda, akaonyesha kwa kidole jinsi nyuzi za mti zinavyokunja kona bila kukatika. "Shingo ya kitako hii hapa," akasema. "Hii hata mlevi haivunji."

Tangu siku ile, kila jioni, nilikuwa napimwa mimi.

Baba alinisimamisha uani. Alipima kwa kamba ya mgomba kutoka kwenye kiwiko changu mpaka kifundo cha kwanza cha kidole cha triga. Alipima shingo, na kutoka begani mpaka shavuni. Akachonga, akaniwekea begani, akaniambia fumba macho, lenga ule mwamba, fungua. Nikifungua na jicho liko pembeni, anachukua randa. Alikisawazisha kwa kidole kimoja, amefunga kipande cha nondo pale mtutu utakapokaa. Na jambo moja la ajabu: alichukua maharage tuliyopewa ya mbegu, akayafunga kwenye kitenge cha mama, akanifunga mgongoni kama mtoto.

"Ya nini, baba?"

"Simama wima. Usiulize."

Mimi nilijua ya nini. Ilikuwa mazoezi. Nilishawaona askari wakikimbia na mizigo mgongoni. Baba alikuwa ananifanya mpiganaji, nipige vizibo vile nilete mtamba nyumbani. Kwani kitako kilikuwa kinakatwa kwa mwili wa nani? Wangu! Kitako kilikuwa kimeachwa kizito kidogo mbele, na nikikishika bila maharage kilinivuta, nikiyabeba kilitulia kama kuku aliyeatamia. Kwa hiyo niliyabeba. Jioni moja mama, aliyekuwa anapepeta mtama kwa mgongo kwetu, alisema bila kugeuka, "Shavu liko juu." Baba akapunguza palepale. Mimi nikajiuliza, mwanamke anajua nini?

Bila shaka niliwaambia watu. Niliwaambia kisimani, shuleni, kanisani wakati wa kukusanya sadaka. Nilimwambia mtamba mwenyewe. Watoto waliocheka Kiswahili changu niliwaambia watakuja kuomba maziwa kwetu na nitawapa kwa kijiko. Baba alisikia. Nilidhani atanichapa, maana alizoea kuniambia mdomo wangu hauna mlango. Safari hii aliniacha niseme.

Kitako kilipokwisha alikipaka mawese siku nyingi mpaka kikawa na rangi ya chai ya rangi. Tukakifunga kwenye mkeka tukasafiri, yeye na mimi, kutoka Muyinga, mkoa wetu, mpaka Gitega alikoishi Papa Riziki. Kizuizini askari akauliza ni nini, baba akasema ni mti, askari akauona ni mti. Hapo ndipo nilipoiona Nyamugari kwa mara ya kwanza, nyumba za wafanyabiashara, wanaume wa kanzu mlangoni, Kiswahili kikizungumzwa barabarani bila mtu kuchekwa. Nikasema moyoni, hapa nitajenga. Nimejenga.

Papa Riziki alikifunga kitako kwenye bunduki, akaiweka begani. "Iko fupi kidogo, fundi."

"Fupi haiumizi bega. Ile ndefu ndiyo iliyowakasirisha wakaivunja."

"Bon. Kazi ni nzuri, siwezi kukudanganya. Donc, ngapi?"

"Sitaki pesa," baba akasema. "Nipe risasi tatu bure, siku ile ya soko kubwa kwetu. Mpigaji nitamleta mwenyewe."

Papa Riziki akanitazama. Mimi nikasimama wima kabisa, kifua mbele. Alishasikia habari zangu, Buhinyuza yote ilishasikia. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Ni huyu? Huyu mwenye kelele? Eeh, fundi! Hata risasi sita nakupa!"

"Tatu zinatosha."

Siku ya soko kubwa kilima kizima kilishuka. Wanaume walipiga mmoja mmoja na kitako kipya, na nilishangilia kila walipokosa. Warefu walikunja shingo kama kuku anayekunywa maji. Wenye mabega mapana hawakujua pa kukiweka. Mmoja alipata beseni. Baba alikuwa amesimama tu, mikono nyuma. Jua lilipoanza kushuka akasema, "Sasa malipo yangu."

Mimi nilikuwa nimeshakunja mikono ya shati. Nikatoka mbele. Baba akaniwekea mkono begani akanisogeza pembeni, taratibu, kama mtu anavyosogeza kiti apite.

"Mpigaji wangu ni huyu," akasema.

Nikageuka. Alikuwa mama, na Goreti, mdogo wangu, amelala mgongoni kwake kwenye kile kile kitenge cha maharage.

"Ah non, non! Fundi, tuliongeaka mutoto!"

"Tuliongea risasi tatu na mpigaji nitamleta mwenyewe. Mtoto ulimtaja wewe."

Watu wakapiga kelele apige, apige. Mwanamume mmoja akasema, "Mama Daudi, huo si mwiko wa ugali!"

"Mwiko nimeuacha kwako," mama akamjibu. "Nenda kakoroge, watoto wana njaa."

Soko likalipuka kwa kicheko. Mwingine akasema basi amshushe mtoto, anapigaje naye mgongoni. Mama alikuwa ameshaikunja bunduki, ameshatia risasi, mikono yake ikifanya kazi bila yeye kuitazama. "Nikimshusha nitaangukia mbele," akasema.

Nilitaka ardhi inifungukie. Marafiki zangu wote walikuwa wananitazama mimi, si yeye.

Akaiweka begani. Sijui nieleze vipi. Hakuishika. Ilikaa. Kiwiko kilifika pale pale kiwiko changu kilipokuwa kinafika, shavu likalala pale palipopunguzwa, na Goreti nyuma na chuma mbele vikapimana kama mizani ya muuza sukari. Kizibo cha kwanza kikalia ting kikazunguka kwenye uzi. Cha pili, hata sikuona alivyolenga.

Kwa cha tatu upepo uliingia. Kizibo kikaanza kuyumba, na Goreti akaamka, akanyoosha mkono, akavuta kilemba cha mama mpaka kikafunika jicho. Watu wakaguna. Nilimwangalia baba, na kwa mara ya kwanza mikono yake haikuwa nyuma. Alikuwa ameshika kiuno kama mtu anayeumwa. Ndipo nilipokumbuka malipo ya kazi yale yote ameyaweka kwenye punje moja ya mtama, na ng'ambo ya punje ile kuna mpaka na mashamba ya watu.

Mama akashusha bunduki, akarudisha kilemba. Akaanza kumbembeleza mtoto, huku na huku, kutoka kiunoni, kama wanavyofanya wote. Goreti akatulia. Mama hakuacha kuyumba. Akainua bunduki anayumba, kizibo kinayumba, na polepole wakawa wanayumba pamoja, yeye na kizibo, mpaka ikawa kama hakuna kinachotembea. Ting.

"Yampayinka!" kilima kizima kikapiga ukelele, lile neno la Kirundi la mshangao, yaani "amenipa ng'ombe", na safari hii neno lilikuwa na ng'ombe wake kweli.

Papa Riziki aliichukua bunduki, akaiweka begani kwake, akaishusha. Akamtazama baba. "Fundi. Hii kitako ulipimia nani?"

"Mtoto huyu. Muulize."

Akaniuliza. "Ni mimi," nikasema, maana ilikuwa kweli na nilibaki na hilo tu. "Na maharage mgongoni."

Alimtazama Goreti, akatazama kitenge, akamtazama mama kutoka juu mpaka chini, kisha akaketi juu ya kreti ya soda akacheka mpaka machozi. "Maharage! Mungu wangu, maharage!" Akafungua kamba ya mtamba yeye mwenyewe akaiweka mkononi mwa mama. Hakukitupa kitako kile. Mtu wa biashara ni mtu wa biashara. Alibaki nacho, akaweka sheria kwamba wanawake hawapigi, na kwa miaka mingi wanaume wa Burundi yote walikunja shingo juu ya mwili wa mama yangu wakakosa. Pale Giheta alijenga duka.

Njiani kurudi nilitembea nyuma ya mtamba, nimenuna. Mama akanisubiri.

"Kule Tanzania," akasema, "nilikuwa nalinda mpunga wa bwana mmoja, ndege wasile. Alinipa bunduki kama hiyo. Nilijifunza wewe ukiwa mgongoni. Nilipojaribu bila wewe nilikosa hata mti. Sasa wewe umekuwa mzito, nimemchukua Goreti. Umenuna nini?"

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tungekuambia," baba akasema kutoka mbele, "Papa Riziki angejua kabla hatujafika nyumbani. Mdomo wako tuliuhitaji ukiwa wazi."

Kwa hiyo mwenye kujua kuhesabu anaona: mdomo wangu ndio ulioleta ng'ombe. Msimu uliofuata maharage yalikuwa meusi kwa ukijani. Hatukuvuka mpaka tena. Ndama wa tatu wa yule mtamba ndiye aliyenunua msumeno wangu wa kwanza, lakini hilo ni jambo dogo, mengine yote nimeyafanya mwenyewe.

Sasa Riziki alikuwa amesimama mbele yangu na wafanyakazi wamezunguka. Nilikiinua kitako nikakiweka begani. Mimi ni mtu mkubwa siku hizi, kilipotelea kifuani, kidole changu kikapita triga ilipokuwa. Mama hakuacha picha. Ile ya kitambulisho muhuri umepita juu ya uso, na za kambini zililowa. Nikakishusha. Nikaweka kidole pale shavu lilipopunguzwa, mti umelainika na kung'aa kwa mashavu ya wanaume wa watu, lakini randa ilipita pale kwa ajili ya shavu moja. Kutoka hapa mpaka hapa, mkono wake. Hapa, shingo. Kimo chake naweza kukichora ukutani kutokana na kile kipande cha nguzo ya babu, bila kukosea hata unene wa msumari.

"Ngapi?" nikauliza.

"Laki mbili na arobaini," Riziki akasema, akijikaza, maana amesikia sifa zangu. "Na elfu mbili mia tano ya taksi-velo, ile baiskeli iliyonileta."

Tangu nianze biashara sijawahi kulipa bei ya kwanza, si ya gogo, si ya msumari, na taksi ya mtu mwingine ndiyo kabisa. Nikafungua mdomo. Wafanyakazi wakasogea, wanapenda kunisikia nikibishana. Nikaufunga.

Nilimhesabia mkononi, noti kwa noti: faranga laki mbili, elfu arobaini na mbili, na mia tano.